Siku Saba Rufiji, Maji Yaliposhuka

Jumatatu, 8 Julai 2024. Mbagala hadi Ikwiriri

Gari limeondoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, limejaa watu waliokuja mjini kwa Sabasaba na sasa wanarudi makwao na ndoo mpya, madumu na mabegi. Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, Bungu. Kibiti tumenunua korosho za kuchoma na machungwa, tukaendelea. Saa nne na nusu tulikuwa Ikwiriri.

Nimebeba futi ya fundi ya mita tano, kaunta buku ya kwaya mbili na penseli kumi. Nimechagua penseli maana wino ukilowa unakimbia, na sitaki tena kuona habari za mtu zinapotea kwa sababu karatasi iliingia maji.

Mimi ni mtoto wa Jangwani. Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipotoka kingo, watu zaidi ya 40 walikufa Dar es Salaam, na familia yetu ikawa miongoni mwa zilizopelekwa Mabwepande. Karani aliyekuja kutuandika alitaka jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu na hali ya nyumba. Baba akajibu: watu sita, nyumba imeanguka. Ikaisha. Mama alikuwa amesimama pembeni kwenye tope, hakuulizwa neno. Cherehani yake ya kukanyaga, iliyokuwa ikitulisha na kulipa ada zetu, haikuandikwa popote. Hadi leo, kwa mujibu wa karatasi ile, cherehani hiyo haikupotea, maana haikuwahi kuwepo.

Ndiyo sababu nimekuja Rufiji kwa nauli yangu kuandika walichopoteza watu, miezi mitatu baada ya mafuriko ya Aprili. Nimefuatana na bwana shamba mstaafu aliyefanya kazi katika bonde hili tangu akiwa kijana. Mimi namwita Mjomba, yeye ananiita binti. Ndani ya gari alinichorea mstari katikati ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Upande wa kushoto aliandika *uharibifu*, kulia *hasara*.

"Usivichanganye," alisema. "Uharibifu ni kitu ulichokuwa nacho jana na leo kimevunjika: ukuta, mbuzi, baiskeli. Hasara ni kile ambacho kingekuja kesho na sasa hakiji: mavuno, mshahara wa kibarua, samaki ambao hukuwavua. Cha kwanza unakipima kwa futi. Cha pili unakipima kwa kukaa chini na mtu."

Mgawanyo huo hakuubuni yeye. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakishughulikia Amerika ya Kusini waliuanza miaka ya 1970, na leo nchi nyingi zinautumia baada ya maafa. Ila sikuwahi kuuelewa hadi aliponieleza yeye kwa mbuzi na samaki.

Jumanne, 9 Julai. Darajani

Asubuhi tulichukua bodaboda hadi Daraja la Mkapa. Lina urefu wa mita 970 na limefunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ukijaa mnalala ng'ambo mkisubiri. Leo mto umetulia, una rangi ya chai ya maziwa, na chini kuna vijana wawili wanatega nyavu kwenye mtumbwi. Ukiutazama hivi huwezi kuamini ulichofanya.

Mjomba alisimama katikati ya daraja akanyoosha mkono magharibi. Kilombero na Luwegu hukutana huko juu na kuwa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu huingia kabla ya korongo la Stiegler. Eneo linalomwaga maji humu ni zaidi ya kilomita za mraba 170,000, karibu sehemu moja kati ya tano ya Tanzania Bara. Sehemu kubwa ya mvua ya nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa, pamoja na sehemu ya ile ya Morogoro, ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huu tunaoukanyaga. Kwa hiyo hapa mafuriko yanaweza kukufikia jua likiwaka. Mtu anaangalia mbingu zake, anaona hakuna wingu, anaenda kupalilia.

Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa El Nino, na Bahari ya Hindi upande wetu nayo ilikuwa na joto kuliko kawaida. Mvua zilianza mapema na hazikupumzika. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua hizo zimeua watu 155 nchini, zimejeruhi 236, na kuathiri zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000. Rufiji na Kibiti ni kati ya wilaya zilizoumia sana.

Huku kila mazungumzo yanaishia kwenye Bwawa la Julius Nyerere, la umeme, lililojengwa juu ya mto huu huu pale Stiegler. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza kati ya tisa uliwashwa mapema mwaka huu. Serikali ilisema bwawa lilizuia maji mengi, na kwamba bila hilo hali ingekuwa mbaya zaidi, tena mapema zaidi. Wapo wenyeji wanaokubali na wapo wanaokataa. Ubishi huo sikuja kuuamua. Swali nililosikia mara nyingi zaidi, pale kijiweni penye kahawa, ni jingine: "Maji yakifunguliwa juu, sisi huku tunabaki na siku ngapi?" Hilo ni swali la hasara moja kwa moja. Mwenye siku mbili anatoa mbuzi, magunia na vyeti. Mwenye usiku mmoja anatoa watoto tu.

Jumatano, 10 Julai. Kata ya Muhoro

Leo nimeingia nyumba nne tu. Nilikuwa nimepanga kumi na tano.

Ya kwanza ni ya mama mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mjane, anaishi na wajukuu watatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, wamepita watu wengi kuandika. Kaa kwanza unywe maji." Tukakaa kwenye mkeka chini ya mwembe.

Nyumba yake ni ya miti na udongo, imeezekwa bati. Nilipotoa futi nilidhani nitapima alama ya maji ukutani, nitaandika namba moja, nitaendelea. Nikakuta alama tano. Ya juu kabisa ilikuwa sentimita 138 kutoka sakafuni, mstari hafifu kama wa penseli, maji yaligusa pale yakashuka. Chini yake mistari mingine mitatu. Halafu kwenye sentimita 61 kulikuwa na mkanda mnene, mweusi, mpana kama kiganja. Niliupitisha kidole, ukatoka unga wa tope lenye harufu ya majani yaliyooza.

"Hapo ndipo yalipokaa," mama alisema. "Siku kumi na tisa."

Chini ya mkanda huo udongo wote umemeguka, zimebaki fito na mbavu za nyumba, unaona hadi chumbani. Juu yake ukuta ni mzima, hata picha ya kalenda bado inaning'inia. Kwa hiyo yale maji marefu ya mita moja na robo na ushei hayakuiua nyumba. Iliuawa na yale mafupi yaliyokataa kuondoka. Fomu nyingi zina kisanduku cha kina cha maji. Ya siku ngapi yalikaa sijaiona hata moja, na nyumba za bondeni, ambazo ni za udongo, zinaanguka kwa siku.

Kisha shamba. Alikuwa na ekari mbili za mpunga. Alikodi trekta, akanunua mbegu ya nyongeza, akalipa palizi mara mbili. Jumla alikuwa ametia shilingi 560,000 kabla ya maji. Mwaka mzuri huvuna magunia 20. Mpunga ulikuwa ndiyo unachanua. Mpunga ukiwa mchanga unaweza kuvumilia kuzama siku chache, lakini ukizama wote juma moja au mawili unaoza, na ukizama wakati wa maua hata ukipona hauna punje.

Hapa ndipo Mjomba alipoona nikikosea. Niliandika magunia 20 kwa bei ya 90,000, ikawa 1,800,000, halafu nikajumlisha zile 560,000.

"Futa," alisema. "Umemlipa mara mbili kwa karatasi. Zile gharama zimo ndani ya mavuno. Tena mavuno yenyewe yalikuwa bado yana gharama mbele: kuvuna, kupiga, kubeba. Muulize."

Nilimuuliza, akahesabu kwa vidole: kama 300,000. Kwa hiyo hasara yake ya mpunga ni 1,500,000. Si 2,360,000, na wala si ile "ekari 2" iliyoandikwa na waliopita kabla yangu. Hesabu ikizidi, wakubwa hawaiamini, na ikipungua yeye anaibiwa. Nimejifunza kwamba kumheshimu mtu ni pamoja na kufuta namba iliyovimba.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Januari alikopa 200,000 kwa mfanyabiashara, kwa makubaliano ya kulipa magunia matano akivuna. Hakuvuna. Sasa mkopeshaji anataka korosho za Oktoba zikiwa bado maua mtini. Huku wanaita kangomba, na kila mtu anajua ni marufuku, na kila mwenye njaa anaingia. Kwa hiyo maji ya Aprili yatachukua korosho za Oktoba ambazo ziko juu mlimani, mahali ambapo hayakufika kabisa. Nani ataandika kwamba mikorosho hiyo nayo ilifurika?

Kuku 17. Mbuzi watatu. Kinu kilielea kikaondoka, mchi ukabaki. Bata walisalimika wote, wajukuu walicheka waliposema hivyo, na mimi nikacheka.

Nilipomaliza nilimsomea kila kitu nilichoandika. Nimejiwekea desturi hiyo: mtu asikie hesabu yake ikisomwa kwa sauti, asahihishe. Alisikiliza amefumba macho. Mwishoni akasema, "Hakuna kingine, mwanangu."

Nyumba ya pili mume ndiye aliyejibu kila kitu hadi nilipoomba kuzungumza na mkewe kando. Mume alitaja baiskeli, bati 12 na redio. Mke alitaja mkeka wa ukili aliokuwa amefikia nusu, uliokwisha kulipiwa na mteja wa Dar, na mchezo wa upatu ambao ulikuwa zamu yake mwezi wa Mei. Wenzake wote nao walifurika, mchezo ukafa, naye ndiye hakupokea. Hasara ya namna hiyo haina alama ukutani. Nilimkumbuka mama na cherehani.

Alhamisi, 11 Julai. Bondeni

Tumekwenda mashambani na mzee mmoja wa miaka themanini na ushei, mwembamba, anayetembea haraka kuliko sisi. Alinipa fimbo yake nipime kina cha udongo.

Nilikuja na wazo kwamba mafuriko ni adui, basi. Leo nimeona bonde lina hesabu ya pande mbili. Katika shamba la kwanza, karibu na mahali mto ulipopasua ukingo, fimbo iliingia kwenye mchanga mtupu, mweupe, mkavu, hadi kiwiko. Hapo hakuna kitakachoota kwa miaka. Mto ukitoka kwa kasi hutua kwanza mzigo mzito. Tulitembea kama dakika ishirini kwenda mbali na mto, akaniambia nichomeke tena. Fimbo ilizama kwenye tope laini, jeusi, lenye nyufa juu kama mgongo wa kobe. Na juu ya tope hilo, mahindi yaliyofika kiunoni, ya kijani kibichi iliyoiva, hayajawekwa chembe ya mbolea.

"Huu ndio mlao," mzee alisema.

Mlao ni kilimo cha kufuata maji yanaporudi nyuma. Maji yakiachia hatua moja ya ardhi, unapanda. Yakiachia nyingine, unapanda. Unyevu wa chini unalea mmea hata kama mvua imekwisha. Warufiji wamekula kwa mlao tangu enzi za mababu: mpunga ni bahati nasibu na mto, na mto ukichukua mpunga, huacha mahindi kama fidia. Zamani waliishi humu humu bondeni, na msimu wa mazao walikaa juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, wakiamia ndege na nguruwe, maji yakipita chini ya kitanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu walianza kuhamishwa kwenda vijiji vya juu, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Rufiji. Walipata shule, zahanati na barabara, na hayo si mambo madogo. Ila shamba likabaki bondeni na nyumba ikawa juu, umbali wa saa mbili. Aliyekuwa akiona maji yakibadilika rangi alfajiri kutoka dunguni, akawa anapata habari jioni. Baada ya muda wengine wakarudi kidogo kidogo. Nyumba wanazojenga sasa zinakaa chini. Dungu nimeliona moja tu leo, nguzo nne, sakafu imetoka.

Mzee alitupeleka kwenye mkwaju wenye makovu ya panga kwenye gome. Mojawapo, lililovimba na kufunikwa nusu, alisema ni la mwaka sabini na nne. La juu kuliko yote bado lilikuwa na utomvu mkavu, la mwaka huu. Nilipima tofauti: sentimita 22. Hakuna kituo cha kupimia maji katika kitongoji hiki, kuna mkwaju. Nimeuandika katika daftari kama ninavyoandika chombo cha kupimia.

Halafu akasema jambo ambalo limeninyima raha tangu mchana. Alichukua tope mkononi akalifinya. "Binti, mimi siogopi maji. Naogopa maji matupu." Bwawa lolote hushika tope nyuma ya ukuta wake, na maji yanayotoka huwa mepesi. Kama miaka ijayo mto utaleta mafuriko yasiyo na tope hili, bonde litakuwa linalipa na halipokei. Sijui safu ipi ya daftari langu inapokea tope ambalo halitakuja. Nimeandika jina la mlao katikati ya ukurasa, juu ya mstari wa Mjomba, upande wa kushoto na kulia.

Ijumaa, 12 Julai

Hatukufanya kazi asubuhi. Baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa msikitini alimwomba Mjomba twende makaburini.

Maji yalipita katikati. Makaburi kadhaa yamezama na vibao vimeondoka, na upande wa kijito udongo umemeguka kabisa. Watu wamepanda miche ya mihanzirani kubahatisha mahali wazazi wao walipolala. Mwanamume mmoja alisimama, akapiga hatua tano kutoka kwenye mwembe, akarudi nyuma moja, akageuka upande wa mashariki. "Nadhani ni hapa," akasema. Akakaa.

Sikutoa futi. Usiku nimefungua ukurasa mpya usio na mstari.

Jumamosi, 13 Julai. Upande wa Chumbi

Watu waliotolewa mabondeni waliletwa huku juu, wengine bado wapo, kwenye mahema na vibanda vya nyasi. Juu kuna usalama wa maji na shida ya maji: kisima ni kimoja, foleni ya ndoo inaanza alfajiri.

Nilikaa na vijana. Mmoja alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Vyeti vyake vilikuwa ndani ya begi, begi ndani ya kabati, kabati likageuka kichwa chini. Ameomba kazi ya ulinzi Dar, wanataka cheti halisi. Kupata kingine inabidi ripoti ya polisi, tangazo, ada, safari za kwenda na kurudi. Alihesabu gharama akapata zaidi ya bei ya nyumba ya udongo. Wengine walipoteza kadi za kliniki za watoto, vitambulisho vya taifa, hati za kimila za mashamba. Karatasi ikilowa, mtu anaanza kuishi kwa ushahidi wa jirani. Na sasa hivi kiongozi wa kitongoji anaandikisha waliopoteza kwa kutumia daftari la wakazi, ambalo nalo lilifurika.

Wanafunzi wa darasa la saba wanafanya mtihani Septemba. Mwalimu mmoja aliniambia shule yake ilifungwa wiki kadhaa kwa kuwa madarasa yalikuwa makazi ya familia. "Dawati nimelirudisha," alisema, "miezi hiyo siwezi kuirudisha." Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Mwenye duka la rejareja pembeni alikuwa na hasara ambayo haikulowa hata kidogo. Mei, Kimbunga Hidaya kilipoipiga Mafia na pwani ya kusini, barabara ya Kilwa ilikatika upande wa Somanga. Malori yalisimama. Yeye yuko juu, duka ni kavu, bidhaa ni kamili, wateja hawana hela, na aliowakopesha hawana cha kuvuna. Daftari lake la madeni ni nene kuliko langu. Alinionyesha. Majina mengi niliyajua, nimekaa kwenye mikeka yao wiki hii.

Jioni Mjomba alisoma kwenye simu kuhusu ule mfuko wa kimataifa wa hasara na madhara ulioidhinishwa Dubai Novemba 2023, wa nchi zilizochafua hewa kusaidia zile zinazoumia. Tukajadili hadi taa ya sola ikafifia. Fedha za namna hiyo hufuata ushahidi. Sheria yetu ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, na hilo ni jema, kwa sababu anayejua kwamba mkeka ulikuwa nusu ni mtu wa kijijini. Lakini kamati niliyoiona haina futi, haina daftari wala nauli ya bodaboda ya kufika bondeni. Nimewaachia futi yangu na kwaya moja isiyoandikwa. Nimewaomba waende mara mbili: maji yanaposhuka, na tena baada ya msimu mmoja kupita, wakati madeni yameiva. Na kila nyumba waulize watu wawili, kila mmoja peke yake.

Jumapili, 14 Julai. Kurudi

Kaya 31 kwa siku nne za kazi. Mjomba amebaki Ikwiriri kwa dada yake. Nimepata kiti cha dirishani, daftari liko kwenye mapaja. Kibiti, Bungu, Jaribu. Nilikuwa nikijumlisha safu za uharibifu na nikaona kitu: karibu kaya zote hasara ni kubwa kuliko uharibifu, nyingine mara tatu. Nyumba ya udongo ni nafuu kuirudisha. Msimu ndio ghali.

Karibu na Mkuranga simu iliita, namba nisiyoijua. Ni yule mama wa Jumatano, ameazima simu ya jirani.

"Mwanangu, umeshafika?"

"Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Lile daftari unalo?"

Nikamwambia ninalo hapa.

"Nimesahau mbegu." Akanyamaza kidogo. "Ya mama mkwe wangu. Ilikuwa kwenye kibuyu, nimekitundika darini juu ya moshi. Ile yenye ndevu, nyekundu kidogo, bua lake refu, maji yakipanda nayo inapanda. Hii waliyotugawia ni fupi, inaiva upesi, nashukuru. Lakini haijui kuogelea. Nimeuliza huku hakuna mwenye nayo. Kuna mtu Utete anasema huenda ana kibaba."

Gari lilikuwa linapita kwenye matuta, penseli inaruka. Nilifungua ule ukurasa usio na mstari, chini ya makaburi na miezi ya shule, nikaandika kadiri nilivyoweza.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Soma nisikie."

Nikamsomea.